Kabati la Mkaa la Hadado

Nilipoacha shule darasa la sita sikujua kwamba kuna watu wanaolipwa ili wafikirie. Nilikuja kulijua hilo Garissa, miaka ya tisini, nikiwa utingo wa lori la mifugo, nimechoka kunuka mbuzi. Katika karakana moja nilimkuta injinia kijana kutoka bara akipigilia seng'enge kwenye mbao. Nikasimama kuuliza anatengeneza nini, kwa sababu mimi sipiti kitu bila kuuliza. Kufikia adhuhuri alikuwa ameniajiri kama mkalimani. Kisomali nilikuwa nimekiokota njiani.

Injinia alikuwa na ufadhili. Wakubwa fulani wa ng'ambo waliwalipa wasomi kama yeye wazitoe tafiti zao kwenye karatasi, ziwe vitu vya kutumika. Utafiti wake ulikuwa kabati la kupozea maziwa: kuta za seng'enge maradufu, katikati mkaa. Unaumwagia mkaa maji, upepo unapita, ndani panapoa. Alikuwa amelijaribu chuoni kwao, hatua tatu kutoka kwenye mfereji, na likafanya kazi vizuri ajabu. Ufadhili ulikuwa wa mwaka mmoja. Wa pili angeupata tu ikiwa mkaguzi angekuja na kulikuta kabati likitumiwa na mtu halisi.

Mtu halisi tulimpata katika kijiji cha Hadado, upande wa Wajir: mama mmoja muuza maziwa ya ngamia. Alilizunguka kabati mara mbili.

"Wewe mtu wa lori," akaniambia kwa Kisomali, "hiki kitu kinakunywa maji kiasi gani?"

"Mitungi miwili asubuhi, miwili jioni, eedo," nikamjibu, yaani shangazi.

"Wallahi! Ngamia wangu hukaa wiki bila maji na bado hunipa maziwa. Huyu wa injinia wako anakunywa kila siku, na hana hata chuchu!"

"Anasema nini?" injinia akauliza.

"Anasema ni kubwa."

Alilikubali, kwa heshima ya mgeni. Ugomvi ulikuja kwenye moshi. Mama yule, kama wenzake wote, hakutia maziwa katika chombo kabla ya kukifukiza kwa makaa ya moto ya mti maalum. Maziwa hayo hukaa siku kadhaa na hunukia. Injinia alisema moshi ni uchafu unaoharibu vipimo vyake. Akaleta makopo ya chuma na sabuni. Wateja walionja maziwa, wakatema.

Siku ya mkaguzi ikafika. Injinia alikwenda Wajir kumpokea, akaniachia kazi moja: kabati lijae maziwa. Lakini mashine ya kisima ilikuwa imeharibika siku nyingi, na hakuna mtu pale Hadado ambaye angelimwagia kabati maji huku punda wakilia kwa kiu. Mkaa ulikuwa mkavu kabisa.

Mama akaja na maziwa, akachungulia ndani, akakunja pua.

"Mgeni wa watu atakunywa maziwa ya sabuni? Tuaibike?"

Akaleta makaa ya moto katika kigae, akayaweka ndani, akafunga mlango, kama anavyofanya kwa kila chombo chake. Mimi nilijua mkaa ni mkaa. Ningeweza kusema neno. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje.

Ilikuwa hivi: kuta zote nne zilishika moto, zikawaka nyekundu bila haraka, bila hata kelele. Mama alijishika kichwa, akanitukana mimi na ukoo wangu, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza moto mzuri, akaziweka juu yake mbavu za mbuzi zilizokuwa za wageni.

Gari likafika. Mkaguzi, mzee mwenye kofia pana ambaye nadhani faili la utafiti hakulifungua, akashuka, akanusa, akatabasamu.

"Kwa hiyo hili ndilo lile jiko?"

Injinia alilitazama kabati. Akazitazama mbavu. Akanitazama mimi kwa macho ambayo sitayasahau.

"Ndiyo," akasema. "Ndilo hili."

Mkaguzi alikula, akapiga picha nyingi, akamsifu mama kwa ubunifu wake.

Wiki chache baadaye barua ilifika Garissa: mwaka wa pili umekubaliwa, kwa ajili ya jiko. Jiko lililokula gunia zima la mkaa kuivisha mbavu za mbuzi mmoja, katika nchi yenye miti michache hata kila mmoja unaufahamu kwa jina. Injinia akaniuliza kama nitabaki naye. Nikamuuliza jiko hilo litampikia nani.

"Hilo," akasema akiikunja barua vizuri, "ndilo tutakalolichunguza mwaka wa pili."