Jumatatu Kwenye Mistari ya Kahawa

Mwezi uliopita nilikuwa saluni hapa Karatu, kichwa kimejaa povu, nikasikia msusi na mteja wake wakibishana kuhusu tamthilia wanayoifuatilia. Mmoja anamtetea mama mkwe, mwenzake hataki hata kumsikia. Nilifumba macho nikacheka peke yangu, maana ghafla nilikuwa nimerudi Oldeani, niko darasa la tano, nimeshika ndoo ya kuchumia kahawa, na mbele yangu bibi yangu anamsema vibaya mtu ambaye hakuwahi kuishi duniani.

Sijui kwenu ilikuwaje, lakini kwetu sinema ilikuwa Jumapili. Tukitoka kanisani tunakula makande, halafu kila mtu anabeba kigoda chake kwenda kwa dereva mstaafu, jirani pekee aliyekuwa na jenereta, televisheni na deki. Sebule yake ilikuwa ndogo, inanuka petroli, makoti yaliyonyeshewa na maziwa ya mgando. Waliokosa nafasi walisimama dirishani. Za Kihindi, za Kinaijeria, za hapa kwetu, zote tulizipokea, na jenereta lilinguruma kiasi kwamba nusu ya maneno tuliyakisia wenyewe. Bibi, ambaye Kiswahili alijifunzia shambani na akichoka anarudi kwenye Kiiraqw chake, alikaa mbele kabisa, shuka limefungwa begani, hapepesi macho. Mle ndani hakuruhusu mtu kusema. "Tazameni kwanza," alikuwa akituambia. "Maneno ni ya kesho."

Basi kesho yake, ukungu ukiwa bado umekalia msitu wa juu, wanawake waliingia kwenye mistari ya kahawa ya shamba kubwa walikofanya vibarua, na mimi wakati wa likizo nikimfuata bibi. Baridi iliuma vidole. Punje za kwanza zikishagonga kitako cha ndoo, mjadala unaanza. Steringi alifanya vizuri au aliharibu? Yule baba alistahili kusamehewa? Mtu humwoni, unasikia tu maoni yake yakitokea upande wa pili wa majani. Nyapara, ambaye kazi yake ilikuwa kutunyamazisha, alisogea karibu akijifanya anakagua matawi, kisha naye anatoa lake.

Nilijivunia bibi yangu siku hizo, acha tu. Wengine walimpenda steringi mwenye nguvu na suti nzuri. Yeye aliwatazama watu wa pembeni: dada wa kazi aliyeleta chai akafukuzwa, mtoto aliyesahauliwa mlangoni. Akishasema lake, ile sinema uliyoiona jana inakuwa nyingine kabisa.

Ikaja Jumapili moja tukaonyeshwa habari za mjane. Mume amekufa, mashemeji wanakuja kumwambia arudi kwao, naye anafunga mzigo huku analia, anakwenda mjini, anateseka, na mwishoni anaolewa na tajiri. Sebule nzima ilifuta machozi. Aliyeketi karibu yangu alikuwa mama jirani, ambaye ua wake ulipakana na wetu. Mumewe tulimzika mwaka uliotangulia. Yeye hakulia. Alishika ncha ya kanga yake, akawa anaikunja na kuikunjua mpaka mwisho.

Shambani wengi waliisifu. "Mungu amemlipa," alisema mmoja. "Angeng'ang'ania pale, yule mume angempata wapi?" Wakacheka. Bibi aliendelea kuchuma hadi wakamuuliza.

"Mimi iliniudhi," alisema. "Kwa nini alifunga mzigo?"

"Sasa angefanya nini, bibi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama jirani, na msimu mzima hatukuwa tumemsikia akichangia. "Hakuwa na mtu wa kumsemea."

"Alikuwa na majirani. Niliona moshi jikoni kwao. Aliyetengeneza sinema aliwasahau tu."

"Labda hao majirani hawakujua."

"Basi angewaambia."

Mikono ikasimama kwenye matawi. Mama jirani alisema taratibu, kama mtu anayeendelea kusimulia sinema, "Wanakuja Jumamosi. Wamesema nisipande tena shambani kwetu."

Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Bibi aliinamia ndoo yake. "Mahindi yako hujayapukuchua, mama," alisema. "Jumamosi tutakuja kukusaidia."

Jumamosi ua ulijaa. Mashemeji wawili walipofika, walikuta wanawake wameketi juu ya magunia, punje zinaruka huku na huku, na sisi watoto tunafukuza kuku. Yule mkubwa akaomba kuongea na shemeji yake pembeni.

"Ongea hapa hapa, baba," bibi alisema kwa heshima, bila kuinuka. "Mikono ndiyo ina kazi, masikio yako wazi."

Akaongea. Shamba ni la ukoo, alisema, na shemeji bado ni kijana, arudi kwao Mbulu akapumzike, watoto watalelewa. Aliongea vizuri, kwa sauti ya upole, na upole huo ndio ulionitisha. Sote tukamgeukia bibi, tukitegemea amjibu kama alivyozoea kuwajibu watu wa kwenye televisheni. Bibi akaweka gunzi chini. Alikuwa anamtazama mama jirani.

Mama jirani akasimama, nywele za mahindi zimeganda kwenye sketi yake. "Shemeji, nakuheshimu," alisema. "Shamba hili tulilifyeka mimi na ndugu yako. Watoto wake wako hapa. Siondoki." Kisha akaketi tena juu ya gunia lake.

Wakabishana sana. Balozi wa nyumba kumi akaitwa, akawauliza wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wakimwona nani akilima pale, na kila mmoja akamtaja mama jirani. Mashemeji wakanywa uji waliokaribishwa, wakaondoka. Walirudi mara moja tena, kisha wakaacha, na miaka ilipopita, binti wa mama jirani alipoolewa, yule shemeji mkubwa ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Jioni ya Jumamosi ile nilimkuta bibi amekaa jikoni kwetu gizani, moto hajauwasha. Nikamuuliza kama anaumwa. "Niliogopa," alisema. "Wale ni watu wazima, na mimi si ndugu yao." Tangu hapo nimekutana na watu wengi wanaosifiwa kwa ujasiri. Sijampata wa kumlinganisha naye.

Bibi hayupo tena. Sebule ya dereva imekuwa duka la vifaa vya simu. Wachumaji wanaingia kwenye mistari na hedifoni masikioni, kila mmoja na sinema yake kwenye simu, na sizibezi. Picha ni safi, na maneno yote yanasikika. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia mama jirani. Yuko nyumba ile ile, mvi zimejaa, mwanawe amemnunulia televisheni pana inayoshika ukuta. Tukatazama sinema moja mpaka mwisho, nzuri kwa kweli, na nilikuwa na mengi ya kumuuliza kuhusu yule dada mdogo aliyenyimwa nafasi ya kusema. Nilimgeukia, naye akawa amenigeukia. Kabla hatujafungua mdomo, sinema nyingine ikaanza yenyewe.