Ekseli ya Mama Ndahani

Nakumbuka siku moja nisiyopenda kuikumbuka, mwanangu, lakini wewe umeshika kijiti cha kuchomelea juzi tu na leo unaniuliza utaanza lini kupokea kazi za watu. Kaa hapo kwenye benchi. Huo mguu acha kuutikisa. Najua unavyowashwa, na mimi niliwashwa hivyohivyo.

Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, mashirika ya umma yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Mimi nilikuwa karani hapa Dodoma, nikapunguzwa. Kila niliyekutana naye alikuwa ameanzisha kitu: huyu duka, yule mitumba. Nikaona wakati umeniacha. Nikaingia karakana ya Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, kwenye njia ya Nzuguni, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, nikitaka niwe fundi kabla mwezi haujaisha.

Mzee Idi alinichosha, nakwambia. Wiki nzima nilichora mistari ya moto juu ya vyuma chakavu.

"Kijiti kikigusa chuma kitanasa," alisema, "kikienda mbali kitatema cheche ovyo. Sikiliza. Kikilia kama vitunguu kwenye mafuta ya moto, hapo uko sawa."

Kisha nyundo. Ukimaliza mstari mmoja, unagonga lile gamba jeusi lote litoke, unapiga brashi mpaka chuma king'ae, ndipo unapitisha mstari wa pili. Moyoni nikasema mzee huyu anataka nizeekee hapa.

Siku moja akaenda mazishini Kondoa, akaniachia karakana niilinde tu. Asubuhi ileile akaja Mama Ndahani, mama wa Kigogo aliyelea wajukuu wanne kwa kuuza maji. Ekseli ya mkokoteni wake wa punda ilikuwa na ufa.

"Fundi, utaweza?" akauliza.

Fundi! Jina hilo lilinilevya. Umeme siku hizo ulikuwa wa zamu, saa nne unakatwa, na saa tatu ilikwishapita. Kutu sikuisugua. Nikapitisha mstari wa kwanza, gamba sikuligonga, nikapitisha wa pili juu yake. Halafu nikapaka rangi ya fedha. Jamani, ilipendeza! Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, ila mimi siku hiyo nilijiona nimekwishakula na kushiba.

Keshokutwa yake Mzee Idi alikuwa amerudi, na Mama Ndahani akaja kwa miguu, kipande cha ekseli mkononi. Ilikatika kwenye mteremko, madumu yakamporomokea punda, mguu wake ukateguka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee wangu, wajukuu watakula nini?"

Mzee Idi akaniwekea kile chuma mbele ya macho. Chini ya mstari wangu mzuri kulikuwa na gamba jeusi na kutu, basi.

"Umeunganisha rangi," akasema. "Sasa chomelea upya, nikikutazama. Na mpaka punda apone, maji utayavuta wewe."

Nikasugua, nikachomelea, nikagonga, nikasugua tena. Kisha nikaingia katikati ya mikono ya mkokoteni, madumu kumi nyuma yangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi cha kwangu nilikitembeza mji mzima! Watu niliofanya nao kazi ofisini walinipisha njia kimya. Aibu ilinichoma, lakini aibu unaizoea. Hofu sikuizoea. Kila mteremko nilisikia ekseli ikilia, nikageuka. Hatua kumi, nikageuka tena. Ikikatika, madumu yale yote yangenilalia mgongoni.

Siku ya tatu Mama Ndahani, aliyekuwa akitembea pembeni, akaniuliza, "Fundi, mbona unageuka-geuka?"

"Naisikiliza ekseli, mama."

"Punda wangu hakugeuka," akasema. "Alikwenda tu."

Mwanangu, nililia pale barabarani, mikono imeshika mkokoteni, hata machozi sikuweza kuyafuta. Nilivuta siku kumi na tisa. Ekseli haikukatika, na punda akapona, lakini mimi sijatulia mpaka leo. Nikipita penye geti nililolichomelea nitaligonga kwa kifundo cha kidole, hata wenyewe wakinishangaa.

Kwa hiyo sugua kutu kabla ya moto. Kausha vijiti vyako, chenye unyevu hakishiki vizuri. Gonga gamba lote, hata mteja akikunja uso, hata umeme ukikaribia kukatika. Mwambie arudi kesho. Na ukikosea, kata uanze upya, usipake rangi. Wewe utajua ulichoficha, lakini anayevuta hajui, anakwenda tu.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilochoka, na kila utakachokiunga kimfikishe mtu kwake salama. Haya, chukua nyundo. Ule mstari wa asubuhi hujaugonga.