Mzee Kivuli na Turubai Lisilopitisha Hewa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa jamaa na majirani wote, walio karibu na walio mbali, kwamba kiangazi kimeingia, jua limekosa adabu, na trela la Mzee Kivuli halitatoka mwaka huu pia. Mwenye swali amwone mkewe. Mkewe naye ana maswali yake.

Jina la Kivuli alilipata karakanani, alikoshona maturubai ya malori tangu ndevu zake zilipokuwa za kubahatisha. Huko alifundishwa sheria moja, akaishika kuliko sala: mzigo ni wa mpakiaji, turubai ni la mfungaji. Anayefunga haulizi ndani kuna nini. Iwe saruji, iwe vitunguu, iwe maiti ya mtu, hayamhusu. Yeye huvuta kamba, hupiga fundo, hugonga ubavu wa lori kwa kiganja, lori likaondoka.

Alipostaafu alinunua trela dogo la kulala, kinyumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari, chenye kitanda, jiko la gesi na madirisha ya kutosha kutoa pua. Lilinunuliwa kwa ajili ya safari moja aliyomwahidi mkewe: kumpeleka kwa dada yake, mbali, ambako mtu hafiki bila kulala njiani. Dada mtu alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake haukuwa wa kusubiri.

Ila kulikuwa na jua. Mtu mmoja dukani alimweleza kwamba jua la kiangazi hukausha mpira wa madirisha, hupasua matairi na kugeuza rangi kuwa chaki. Mtu huyo alikuwa anauza nta. Mzee Kivuli akarudi nyumbani na kopo la nta na uso wa mtu aliyetokewa na mzimu.

Kuanzia hapo paa la trela lilipakwa kila asubuhi.

"Mimi mgongo wangu hajawahi kuupaka hata mafuta," mkewe alimwambia jirani yao, mkunga mstaafu.

Matairi yakavishwa mashuka. Mapazia ya chumbani yakang'olewa, yakaenda kufunika vidirisha vya trela. Kisha trela lenyewe likasukumwa hadi kwenye kivuli pekee cha ua ule, ubavuni mwa jiko, mahali palipokuwa na kiti cha mama wa nyumba. Kiti kikahamishiwa juani, na mwenye kiti pia.

"Baba watoto, naungua mwenzio."

"Wewe una ngozi, mama watoto. Ngozi hujirekebisha. Rangi haijirekebishi."

"Na dada yangu je? Naye atajirekebisha?"

"Jua likipungua tunaondoka."

"Likipungua jua inaingia mvua."

Mzee alifikiri. "Mvua nayo si nzuri kwa bati."

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya balaa ni mwanamume anayepiga mluzi akiwa ameshika sindano. Siku zile Mzee Kivuli alipiga mluzi sana. Alikuwa barazani, kwenye cherehani yake iliyomla masikio kwa kelele miaka yote ya kazi, anashona turubai la mwisho la maisha yake: zito, la mishono pacha, linaloshuka hadi ardhini na kufungwa kamba pande zote. Hata sisimizi angeomba ruhusa. Mkunga alipita, akalipapasa.

"Shemeji, hewa itapita wapi?"

"Hewa ina kazi gani humo?"

Lilikamilika mchana ambao hata mbwa waliacha kubweka. Nyumba, bila mapazia, ilikuwa tanuri. Mkewe hakuwa amelala usiku kucha akisubiri simu kutoka kwa dada yake. Akaona mahali pamoja tu penye kivuli, mapazia na godoro. Akavua kandambili kwenye kingazi, akapanda, akavuta mlango inzi wasimfuate, akalala.

Mzee akatoka na turubai begani. Hakuchungulia. Mzigo ni wa mpakiaji. Alilitandaza, akavuta kamba, akapiga fundo la malori, lile ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Akagonga ubavu kwa kiganja. Akaenda kujimiminia chai.

Ndipo trela likaanza kugonga.

Alilisikia kwa mbali, akatabasamu. Bati likipata joto hutanuka, hulia. Ni kweli, hulia. Ila halijawahi kulia mara tatu, likapumzika, likalia tena mara tatu. Wala halijawahi kumwita mtu baba watoto. Mzee akapuliza chai yake.

Kugonga kukawa kwa taratibu. Kisha kukaacha.

"Limezoea," alisema, akasimama kuisifia kazi yake. Pale kwenye kingazi pindo la turubai lilikuwa limefutuka kidogo, na mshonaji hawezi kulivumilia pindo lililofutuka. Akainama kulinyoosha. Mkono wake ukashika kandambili.

Mtu mwingine angechana turubai. Mzee Kivuli alipiga magoti, akaanza kutafuta ncha ya kamba.

Mkunga alisikia ukelele wake, akaruka ua na kisu cha jikoni.

"Shemeji, yuko wapi?"

"Ndani!"

"Na wewe unafanya nini?"

"Nafungua."

"Mtu anakufa unafungua fundo!"

Akamsukuma kando. Maisha yake yote alikuwa akitoa watu mahali padogo penye joto, hili halikumshinda. Alilipasua turubai toka juu hadi chini, likatoa sauti ambayo Mzee aliisikia vizuri sana. Mlango ukafunguka. Mkewe akaanguka mikononi mwa mkunga, ameloa kama nguo isiyokamuliwa, midomo imepauka, macho wazi.

Alimwagiwa maji, akanywa, akatapika, akanywa tena. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta alipopata sauti.

"Ulinisikia nikigonga?"

"Nilisikia."

"Ukadhani nini?"

"Bati."

Mkunga akatazama pembeni. Mke alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu aliyemjua zamani.

"Kesho alfajiri tunaondoka na trela hilo kwenda kwa dada," alisema. "Au naondoka peke yangu, kwa miguu, na sirudi."

Mzee Kivuli aliliangalia trela, limesimama uchi na turubai limening'inia. Akainua macho mbinguni, ambako hakukuwa na wingu hata la kuazima.

"Kesho kuna jua," alisema.