Mjomba wa Wapangaji Wote

Mwenye nyumba wangu wa kwanza Singida mjini hakuwa na mpangaji hata mmoja. Azimio lilikwisha kuwakataza viongozi kupangisha nyumba, naye alikuwa katibu wa tawi la chama. Basi sisi saba tuliokaa vyumbani mwake tulikuwa wapwa zake. Nilipokwenda kuomba chumba, karani mpya niliyechoka kutembea maili nne kufika kazini, hakuuliza mshahara wangu. Alipangusa upara kwa kofia, akauliza kwa sauti ya mahubiri, “Mama yako anaitwa nani?” Nikasema Klara. “Basi ni dada yangu. Niamkie.” Kodi aliipokea kwa mikono miwili huku akitazama dari, kama zawadi asiyoitegemea. Jumamosi tulimlimia mtama, maana mpwa gani humkatalia mjomba jembe?

Siku moja akaja mkaguzi, mzee wa mvi aliyehamishiwa Singida wiki ile na bado analala nyumba ya wageni. Alikuwa amesikia uvumi wa wapangaji. Mjomba akatupanga uani: Mnyaturu, Mhaya, Mchaga, Idrissa wa Kilwa, na wengineo. Mkaguzi akatukagua nyuso.

“Ndugu katibu, dada yako amesafiri sana.”

“Sana, ndugu.”

Mzee akazunguka vyumba. Kimoja kilikuwa kitupu; akakipima kwa hatua, akafungua dirisha, akaiona ofisi yake ng’ambo ya barabara. Akarudi uani, akavua kofia, na yeye aliyeweza kumzaa mjomba akainama.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mama yako anaitwa nani?”