Siku Niliyojifanya Simjui Binti Yangu

"Mama, ku hôpital usiambie bantu asema minye niko mutoto yako."

Hilo ndilo sharti alilonipa binti yangu, amesimama mlangoni na viatu mkononi. Mimi nauza unga sokoni hapa Likasi, na mdomo wangu unajulikana kuliko unga wenyewe. Nikamwambia sawa. Hakuniamini, wala simlaumu.

Mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake, alikuwa amelazwa kwa malaria, na mama yake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa naye hospitali. Ndiyo hospitali ambayo binti yangu alikuwa anafanyia stage, mazoezi ya kazi, akimalizia masomo yake ya udaktari. Alikuwa ameomba mtoto wetu aangaliwe na wenzake, watu wasije wakasema anapendelea ndugu.

Kilichokuwa kinamsumbua nilikijua. Wazazi wa watoto waliolazwa walikuwa wanamkataa. Akikaribia kitanda tu, mama anamvuta mtoto kifuani na kuuliza daktari mwenyewe yuko wapi. Jioni moja alirudi nyumbani akasema pengine ataacha, atafute kazi ya ofisini. "Nitajifunzia wapi, mama, kama hakuna anayeniachia mtoto?" Nilimpakulia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, nikakaa karibu naye mpaka akala.

Asubuhi ile aliingia wodini nyuma ya daktari mkuu, amevaa koti jeupe nililolifua kwa mikono yangu. Mungu wangu, alivyopendeza! Nilitamani kupiga vigelegele. Nikageuza uso ukutani kama mtu anayehesabu nyufa.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mama kijana kutoka Kamatanda na kichanga chake, kasichana kadogo. Mkono wa mtoto ulikuwa umevimba kwa serum, maji ya dripu, ikabidi utafutwe mshipa upande wa pili. Daktari akamwita binti yangu. Yule mama akamfunika mtoto kwa kitenge.

"Docteur, fanya weye mwenyewe. Mutoto yangu haiko ya kujifunziya."

"Sawa, mama," binti yangu akasema, akarudi nyuma.

Damu ilinichemka. Sokoni, mtu akimtolea mwanangu maneno kama hayo, anaondoka bila unga na bila heshima. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini muuguzi akaenda kuleta sindano ndogo zaidi, na daktari, akimngoja, akageukia kitanda chetu. Pembeni yake alisimama mwanafunzi mwingine, kijana mwembamba, jasho puani.

"Mama, unakubali stagiaire amutose mutoto damu?"

Sitadanganya. Kilichonijia ulimini ni kile kile: docteur, fanya weye mwenyewe. Niliangalia sindano mkononi mwa yule kijana, nikamwangalia mjukuu wangu, nikaogopa kweli. Halafu nikamwona binti yangu amesimama na mikono mfukoni, macho chini. Nikayameza yale maneno, na hayakupita kwa urahisi.

"Fanya, papa," nikamwambia kijana. "Usiogope. Minye ndiye nitaogopa."

Mara ya kwanza damu haikutoka. Mjukuu wangu alilia mpaka nikauma midomo. Daktari aliweka kidole chake juu ya mshipa, kijana akajaribu tena, ikatoka. Nikasema kwa sauti ya sokoni, ili kitanda cha jirani kisikie:

"Docteur yote alianzaka kujifunziya ku mutoto ya muntu!"

Binti yangu akanikata jicho. Muuguzi alikuwa amerudi na sindano. Yule mama alimtazama mtoto wake kwa muda, kisha akaondoa kitenge taratibu.

"Weye, binti. Kuya. Lakini docteur asimame hapa hapa."

Binti yangu hakukimbilia sindano. Kwanza alikishika kiganja cha mtoto katikati ya viganja vyake, akakipulizia pumzi, akakisugua mpaka kikapata joto. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia yeye asubuhi za baridi, kabla hajaenda shule. Kisha akainama, akachoma mara moja tu. Mtoto alilia kidogo, serum ikaanza kudondoka. Machozi yalinijaa, nikajifanya natafuta kitu kwenye kapu.

Mchana tulikula pamoja, mimi na yule mama, bukari yangu na mboga zake. Alikuwa anamwangalia binti yangu akipita kutoka kitanda hadi kitanda.

"Ule binti," akaniambia, "mama yake anapashwa kusikia furaha, eh?"

Tonge lilikuwa mdomoni. Nikalitafuna pole pole, nikalimeza lote, maana ahadi ni ahadi.

"Anasikia, mama," nikamjibu. "Anasikia sana."