Mama Bendera na Fainali ya Binti Yake

Mtaani walimwita Mama Bendera, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka kumi na minane cherehani yake ndiyo iliyoshona kibendera kifuani mwa kila jezi ya timu ya taifa ya riadha, mishono miwili kuzunguka, maana mmoja hufumuka. Kila mashindano alikaa mbele ya televisheni, macho kwenye kile kitambaa, akishangilia mpaka sauti ikamkauka. Wanariadha wenyewe wala hakuwajua kwa sura. Alishangilia kazi ya mikono yake, na nchi ilikuwa humo humo.

Kisha binti yake wa pekee akaanza kukimbia, na akakimbia kweli kweli. Mara mbili alifuzu mbio za mita elfu moja na mia tano. Mara mbili jina lake likaondolewa dakika za mwisho, likawekwa la mpwa wa mwenyekiti wa chama cha riadha, msichana mvivu hata wa kupasha misuli. Mama mtu akaenda ofisini kwao, akakalishwa kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa nane mchana, halafu akaambiwa aandike barua. Barua! Binti akachoka, akachukua uraia wa nchi nyingine iliyomtaka. Hapo ndipo taifa zima, lililolala fofofo alipodhulumiwa, likaamka na kumwita msaliti.

"Mama, njoo nawe huku," binti alimsihi kwenye simu.

"Nani atashona jezi?" mama akajibu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa ajabu.

Alasiri ya fainali, majirani walijazana kwenye chumba chake cha ushonaji kama kawaida yao. Mwaka mzima walikuwa wamemnunia, lakini televisheni yake hawakuinunia. Yeye alikusudia kukaa kimya, amwombee mwanawe moyoni, yaishe.

"Mama Bendera, leo uko upande gani?" alimchokoza fundi viatu wa jirani, huku amenyoosha simu anarekodi.

"Acha nitazame," alisema.

Mzunguko wa mwisho walibaki wawili mbele: binti yake, ndani ya jezi ya kigeni, na nyuma yake kidogo msichana wa nyumbani, chipukizi asiye na kosa na mtu. Zilipobaki mita mia, macho ya mama yakamponyoka. Yakaenda yalikozoea, kwenye mishono miwili. Ile jezi ikamkaribia mwanawe, ikawa naye bega kwa bega, na Mama Bendera akajikuta amesimama, kiti kimeanguka, anapaza sauti: "Mpite! Kaza, mpite huyo!"

Binti alishinda kwa kifua tu. Chumba kizima kikanywea. Kisha fundi viatu akamkumbatia mama, akasema huyu ndiye mzalendo, nchi kwanza, mtoto baadaye. Wakampigia makofi, wakagombania kumshika mkono. Alitamani kuwatapikia wote. Kabla hajaokota kiti chake, video ilikuwa imeshasambaa.

Binti alipiga simu wakati watu wale bado wamejazana mlangoni.

"Hongera, mwanangu," mama alisema haraka haraka.

"Nimetumiwa video, mama."

"Ni mazoea tu, mwanangu. Ile jezi..."

"Nakuuliza kitu kimoja. Uliposema anipite, ulikuwa unajua kwamba aliye mbele ni mimi?"

Angeweza kusema hapana. Macho yamezeeka, televisheni yenyewe mbovu, watu wanapiga kelele. Uongo wa kusema ulikuwepo tele. Lakini yeye hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata siku ile baba yake alipowaacha.

"Nilijua," alisema.

Akasikia mwanawe akivuta pumzi, kisha simu ikakatika. Nje walikuwa wanamwita atoke, wasimame naye waimbe wimbo wa taifa.