Bei ya Jana Dirishani

Saa moja na dakika tano asubuhi, siku ya Jumanne, simu yangu iliita nikiwa bado nyumbani Msasani, ile ya mji wetu wa milimani, si ya pwani. Alikuwa mama mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa ndizi kule Ikuti. Alisema skrini ya bei kwenye dirisha la ofisi ya kikundi bado inaonyesha shilingi elfu saba na mia tano kwa mkungu, na gari la mnunuzi limeshafungua mlango.

Nilielewa kabla hajamaliza. Kikundi kina sheria moja: bei inayosomeka dirishani gari linapofungua mlango ndiyo bei ya siku nzima. Iliwekwa ili wanunuzi wasishushe bei katikati ya kupakia. Jioni iliyotangulia kamati ilikuwa imepandisha mkungu hadi elfu tisa, na mwenyekiti alimpigia mnunuzi kumwarifu. Naye mnunuzi akajibu, sawa mama. Kwenye skrini bei mpya ilipaswa kutokea saa moja kamili, madalali wa vijiji vya jirani wasiione mapema.

Kazi hiyo nilikuwa nimeikabidhi kompyuta ya ofisi, ya mtumba, inayotumia mfumo wa Linux. Niliandika amri ya kubadilisha picha ya bei, nikaiweka kwenye ratiba ili mashine iitekeleze yenyewe, badala ya mimi kupanda Ikuti kila siku ya gari. Kila nilipoijaribu amri ile nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, picha ilibadilika. Niliijaribu mara kumi na moja.

Nilifika kwa bodaboda saa mbili kasoro dakika kumi. Gari lilikuwa limejaa nusu. Nilifungua ofisi, nikaandika amri ileile kwa mkono, na elfu tisa ikatokea papo hapo. Waliokuwa dirishani walicheka, na sikuwalaumu.

Nilimkumbusha mnunuzi kwamba bei aliambiwa jana. Hakukana.

"Sheria ni yenu, fundi," alisema. "Mimi nimekuta saba na nusu, nikafungua mlango."

Mwenyekiti alimpa kisogo. Alinigeukia mimi.

"Ndaga, fundi," alisema, kama anayeshukuru. "Ule ubao wetu wa chaki wa zamani haukuwahi kutuuliza kama wewe umefika."

Nilibaki ofisini mpaka gari lilipoondoka. Jibu lilikuwa ndani ya mashine muda wote, kwenye sanduku la barua la ndani ambalo hakuna aliyewahi kuniambia lipo: imeshindwa kufungua skrini. Kazi iliyo kwenye ratiba huendeshwa nyuma ya pazia. Haijui kuna skrini, wala haina ruhusa ya mtu aliyeingia kwenye kompyuta. Mimi nikikaa pale, amri yangu hurithi vyote viwili bila mimi kujua. Ratiba hairithi chochote. Dawa yake ilikuwa mistari miwili juu ya amri: mmoja unaotaja skrini, mwingine unaoonyesha faili la ruhusa lilipo. Niliiongeza, nikaipanga amri ijiendeshe baada ya dakika tano, nikatoka nje kabisa, nikasimama barabarani nikitazama dirisha. Picha ilibadilika.

Hasira yangu haijaisha, na ninaigawa kwa haki. Sehemu ni ya walioandika miongozo ya kompyuta wakaona jambo hili ni dogo mno kulitaja ukurasa wa kwanza. Sehemu ni yangu, niliyejaribu mara kumi na moja bila kuinuka kitini hata mara moja. Sehemu kubwa ni ya mnunuzi yule, aliyeijua bei mpya na bado akafungua mlango. Wiki iliyofuata alileta kreti moja ya soda kwa ajili ya kamati. Wajumbe walikunywa. Nilisema kreti ile si malipo, wakaniambia nisiharibu uhusiano na mnunuzi. Nikaomba angalau muhtasari wa kikao uonyeshe kilichopotea, na katibu akaandika, shingo upande: mikungu mia tatu na kumi na miwili, kila mmoja pungufu ya shilingi elfu moja na mia tano. Jumla, shilingi laki nne na elfu sitini na nane.